Chupa Kumi na Moja na Ugonjwa wa Wanjala

Kosa langu la kwanza kubwa katika kazi ya udresa, yaani ya kutoa dawa na kufunga vidonda dispensarini, lilikuwa kumpa chumvi ya kuharisha mtu aliyekuwa mgonjwa wa huzuni. Nilimpa vijiko viwili, na kila kijiko nilikisawazisha juu kwa kisu ili kipimo kisizidi wala kupungua hata punje. Kesho yake nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wa kupendeza: "Dawa imefanya kazi vizuri." Na ilikuwa imefanya kazi. Shamba zima lilimwona Wanjala akipita mbio kuelekea kwenye miti ya miwati, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya sita, na wanawake waliokuwa wakipalilia viazi waliweka majembe chini ili wahesabu vizuri.

Naanza na aibu hii kwa sababu ninyi vijana mnaoingia kazi ya hospitali mnaniita Mzee na kunisikiliza kwa heshima, mkidhani nilizaliwa nikijua. Sikuzaliwa nikijua. Hata shule ya kazi hii sikwenda. Niliajiriwa kufagia.

Dispensari yenyewe ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya stoo ya maziwa, kwenye shamba la Mzungu mmoja upande wa Chepsaita, miaka ile walowezi walipokuwa bado wanalima ngano na mahindi kutoka hapa mpaka macho yachoke. Tulimwita Bwana Kofia, kwa maana hakuna aliyewahi kuona nywele zake, na wengine waliapa kwamba hana. Dresa niliyemkuta pale aliondoka Jumatatu moja kumfuata mke wake aliyekuwa ametorokea Kitale. Aliacha funguo kwenye msumari. Bwana Kofia akaja, akatazama funguo, akanitazama mimi na ufagio wangu.

"Wewe najua soma?"

"Ndiyo, Bwana."

"Basi sasa wewe daktari." Akafika mlangoni, akageuka. "Fagia pia."

Nilifurahi siku moja nzima. Siku ya pili woga ukaanza, na woga huo nimeishi nao miaka yote kama mtu anavyoishi na goti bovu. Niliogopa kuua mtu. Niliosha mikono mpaka ngozi ikabanduka. Nilisoma kila kibandiko cha kila chupa, nikasoma na kitabu cha tiba za nyumbani alichonipa Memsahib, mke wa Bwana Kofia, ambacho kurasa zake za homa zilikuwa zimegandana kwa jemu, kwa hivyo elimu yangu ya homa ilianzia katikati. Kisha nikachukua karatasi kubwa na rula, nikachora chati. Kushoto niliandika shida za watu, kulia chupa za kuzitibu. Chupa zilikuwa kumi na moja, kwa hivyo na shida nikaziandika kumi na moja. Mgonjwa aliyekuja na shida ya kumi na mbili nilizungumza naye kwa upole mpaka akakubali moja ya zile nyingine.

Watu wakaniita Dokta Rula. Nilijifanya sisikii, lakini nilipenda.

Kabla sijafika kwa Wanjala lazima niwaeleze habari ya mihuri, kwa sababu bila mihuri hamtaelewa nilivyopotea. Kila asubuhi wenye kuumwa walipanga mstari mlangoni kwangu. Nilikuwa na mihuri miwili ya mpira: mmoja umeandikwa KAZI, mwingine PUMZIKA. Nilimpima mtu, nikagonga muhuri mmoja kwenye kikaratasi, akampelekea nyapara. Muhuri wa tatu haukuwepo. Sasa fikiria kijana wa miaka ishirini na moja ameshika mapumziko ya watu themanini mkononi, asubuhi ya baridi, siku ya kung'oa visiki. Walikuja na kila hila. Hila kubwa ilikuwa kuweka kitunguu kibichi kwapani, maana waliamini kinapandisha homa. Jamaa mmoja wa kukamua ng'ombe alikuja anatetemeka kama jani. Nikamwambia ainue mikono. Kitunguu kikaanguka, kikabingirika, kikasimama kwenye kiatu changu.

"Hii ni nini?" nikamwuliza.

Akakitazama. "Dokta, hata mimi nashangaa. Labda ndio ugonjwa wenyewe umetoka."

Nilimgongea KAZI, lakini mkono ulikuwa unatikisika kwa kicheko na muhuri ukatoka umepinda. Jambo hilo lilinisumbua wiki nzima, ule muhuri uliopinda.

Vitunguu hivyo vilinifundisha somo baya. Nikaanza kuamini kwamba mtu asiye na joto, asiye na jeraha, asiye na uvimbe, ni mwongo. Ndivyo Wanjala alivyonikuta.

Wanjala alitoka upande wa Bungoma, na alikuwa fundi wa kuendesha maksai kumi na sita kwenye plau. Mbele ya ng'ombe alitangulia Mnandi mwenzangu, Kimutai, akiwaongoza. Nyuma alitembea Wanjala na mjeledi mrefu ambao sikuwahi kuuona ukigusa ngozi. Alikuwa akiwaita ng'ombe kwa majina, na sauti yake ilifika mpaka kwa jirani. Wake zetu waliweka chai motoni waliposikia anafunga ng'ombe, na waliiepua aliposikika anapinda kwenye kona ya kwanza. Kisha msimu mmoja wa kiangazi akanyamaza. Hakuna aliyekufa kwao. Hakuibiwa. Hakugombana na mtu. Alinyamaza tu, siku baada ya siku, akaanza kukaa, halafu akaanza kulala.

Mkewe, Mama Nafula, alimleta mwenyewe, amemshika kwenye mkono wa shati kama mtu anayerudisha kitu dukani.

"Dokta, nimekuletea huyu mtu. Mrekebishe."

"Anaumwa wapi, Mama?"

"Ningejua anaumwa wapi, ningekuja kwako kutafuta nini?"

Nikampima. Joto hakuna. Ulimi safi. Nikamwuliza, "Wanjala, unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

Nikatazama chati. "Hasikii kitu" haikuwemo. Nikamwuliza tumbo, akasema tumbo liko tu. Nikamwuliza kama liko zito, akasema labda. Vijana wangu, hilo "labda" ndilo nililokuwa nikilingoja. Nikaenda mbio kwenye chupa ya chumvi, na yaliyofuata nimeshawaeleza.

Chumvi iliposhindwa nikampa dawa ya kuongeza damu, meno yake yakawa meusi. Nikampa dawa ya minyoo. Hakuwa na minyoo. Nikampa mchanganyiko wa kikohozi, na kwa kweli hakukohoa. Nilikuwa namtibu kwa kufuata mpangilio wa rafu, kutoka kushoto kwenda kulia, na kila nilipomaliza chupa nilijisikia fundi. Rafu ilipoisha, nikafanya jambo ambalo niliona ndilo kilele cha huruma na elimu. Nikamgongea PUMZIKA ya wiki mbili na kuagiza asifanye chochote, asisumbuliwe na mtu, aachwe ndani peke yake kwenye utulivu kamili.

Wiki mbili hizo zilimmaliza. Alilala ameuelekea ukuta. Suruali ikaanza kushikwa na kamba. Nilipoenda kumwona nikakuta Mama Nafula amekaa mlangoni, mikono imekunjwa.

"Dokta," akasema, "hiyo dawa yako ya kulala, mimi pia ninayo nyumbani. Hiyo haikutaka masomo."

Msidhani nilikuwa peke yangu katika ujinga huo. Mzee wa kanisa alisema Wanjala ana dhambi aliyoificha, akiitoa atapona. Alimbana alasiri nzima, na Wanjala kwa kuchoka akaungama kuiba ndizi akiwa na miaka saba. Majirani walimchemshia mizizi, wakamfukizia moshi mpaka kuku wa Mama Nafula wakahama. Bwana Kofia alikuwa na dawa yake pia: "Hii mtu iko vivu. Tia yeye kwa plau." Niliwacheka wote moyoni. Niliwaona wajinga kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na dawa moja kwa kila mtu, na mimi nilikuwa nazo kumi na moja.

Kisha Bwana Kofia akaja na neno ambalo liliniondolea kicheko. Alisimama mlangoni pa dispensari, kidole akakielekeza juu ambako mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika.

"Mvua nakuja. Mvua napiga, hii mtu hapana lima, yeye nakwenda. Bibi, watoto, mbuzi, kuku, yote nakwenda."

Alimaanisha hivyo hivyo. Nyumba ya Wanjala ilikuwa kwenye shamba lake, na kipande cha mahindi cha Mama Nafula pia. Mtu asiyefanya kazi hakuwa na mahali pa kusimama. Watoto walikuwa wanne, na mgonjwa mwenyewe hakuwa na nguvu ya kufika barabarani. Na kila muhuri niliomgongea ulikuwa wangu.

Siku iliyofuata nikachukua baiskeli nikaenda mjini Eldoret, au Sisibo kama wazee wetu walivyouita, kumtafuta Mzee Zakayo. Huyu alikuwa mhudumu wa wadi ya Waafrika katika hospitali ya mji, mtu mfupi, mwenye tumbo, aliyekuwa ameenda vitani Burma kubeba majeruhi na kurudi na ujuzi ambao haukuwa kwenye kitabu cha Memsahib. Nilimwogopa kwa sababu aliwahi kuona nimefunga bendeji kwa mafundo sita yaliyolingana akaniuliza kama ninamtibu mtu au ninamfungasha kwa posta.

Alikuwa akikunja mashuka. "Umempa nini huyo mtu?"

Nikafungua daftari, nikamsomea kwa mpangilio, tarehe na vipimo. Alianza kucheka kwenye chumvi. Kwenye dawa ya kikohozi alishika nguzo ya kitanda.

"Umesahau mafuta ya baiskeli," akasema. "Sasa niambie. Analala saa ngapi?"

"Amelala siku nzima, Mzee."

"Sijauliza amelala kitandani. Nimeuliza usingizi. Anaupata?"

"Sijui."

"Asubuhi na jioni, wakati gani ni mbaya zaidi?"

"Sijui, Mzee."

"Anakunywa pombe? Aliwahi kuwa hivi zamani? Kwao yuko mtu aliyewahi kuwa hivi?"

Nikapekua daftari tena; hayo hayakuwemo.

"Kwa hivyo kijiko unakijua," Zakayo akasema, "na mtu humjui." Akaweka shuka chini. "Umemwuliza kama anataka kufa?"

Daftari liliniponyoka. "Mzee, nikimwuliza hivyo si nitakuwa nimemfundisha?"

"Wewe ukiuliza mtu kama ana njaa, unamtia njaa? Kama hiyo fikira haiko, atakwambia haiko. Na kama iko, amekaa nayo peke yake mpaka leo, kwa sababu wewe unaogopa."

Kisha akanikalisha juu ya rundo la mashuka, akanifundisha kwa mchana mmoja mambo ambayo nimeyatumia miaka yote. Alisema huko Burma aliona vijana wenye nguvu wakinyamaza namna hiyo, na hakuna wawili waliopona kwa njia moja. Mmoja alihitaji usingizi tu, siku chache za dawa, akaamka mtu. Mwingine ilikuwa ni pombe, na mpaka pombe ikatwe hakuna dawa itakayosaidia. Mwingine alitaka mwenzake wa kuongea naye lugha yao. Alisema pia kuna wanaofika mahali pa kukataa hata maji, na hao hawangojwi. Wanapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi, na alimjua mwalimu mmoja wa upande wa Cheptiret aliyepelekwa amebebwa, akatibiwa huko kwa umeme, akarudi kufundisha hesabu. "Usiwatishe watu na Nairobi," akasema, "na usimkimbize kila mtu huko ili wewe upumue."

"Sasa mimi nichague ipi, Mzee?"

"Kwanza nenda umjue mtu. Halafu ukichagua, tulia nayo. Usibadilishe kila siku kama bwana harusi anayechagua shati."

Akanipa chupa ndogo ya dawa ya usingizi, akaniapisha: siku tano tu, chupa ikae kwangu, na dozi nipeleke mwenyewe kila jioni.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafanya mazoezi ya lile swali. Nililisema kwa sauti, kwanza haraka, halafu polepole, halafu kwa upole. Karibu na Kiplombe nilikuwa nimepata sauti niliyoona inafaa, nikalitamka waziwazi, "Je, umewahi kufikiria kufa?" na mama aliyekuwa akipita na mzigo wa kabichi akaingia kwenye shamba la ngano akanipisha mbali kabisa.

Nilimkuta Wanjala amekaa nyuma ya nyumba, kwenye gogo, shoka liko karibu na kuni hazijapasuliwa. Nilikaa. Niliuliza usingizi: alikuwa akiamka kabla ya jogoo na kukaa macho mpaka kuche, kila siku. Niliuliza asubuhi: asubuhi ilikuwa kama kuinua plau kwa mikono. Niliuliza kwao: mama yake aliwahi kuwa hivyo, mara mbili. Majibu yote haya yalikuwa yamekaa kwake wiki zote hizo, yakingoja mtu ayaulize. Kisha sauti niliyoifanyia mazoezi ikapotea yote, nikauliza tu kama mtu anayekwama:

"Wanjala. Unafikiria kufa?"

"Nimefikiria."

"Umepanga?"

"Sijapanga." Akatazama kuni. "Halafu Mama Nafula angenifuata huko huko aniulize mbona hizi nimeziacha."

Nilicheka kabla sijajizuia. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili, nikiwa na hakika kwamba nimefanya kosa kubwa kuliko la chumvi. Nilipomtazama, pembe moja ya mdomo wake ilikuwa imesogea kidogo. Nikamwomba aniahidi kwamba fikira hiyo ikisogea karibu atamwambia mkewe au mimi, saa yoyote, na akaniahidi. Mama Nafula nilimweleza kila kitu, mbele ya Wanjala, bila kuficha. Hakulia. Aliondoka na shoka, akalipeleka kwa jirani, akarudi akakaa naye kwenye gogo.

Nilikuwa nimemaliza maswali ya Zakayo na sikujua la kufanya. Mtu mwoga hawezi kuvumilia kimya, kwa hivyo nikauliza la kipuuzi.

"Wanjala, ng'ombe akilala chini kwenye plau akakataa kuinuka, wewe hufanya nini?"

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mjinga, lakini alijibu, kwa sababu hilo alilijua. Alisema ukimpiga, atajifunza kukuogopa na bado hatainuka. Ukimwacha alale siku nzima miguu inakufa, hapo umempoteza. Unatafuta kwanza panapouma: kwato, shingo, tumbo. Unaita mtu wa pili mnamwinua pamoja, kwa sababu ng'ombe anaona haya kuinuliwa na mtu mmoja. Humrudishi kwenye plau. Unamfunga na mwenzake yule yule aliyemzoea, na gari tupu, mnaenda mpaka mtoni na kurudi. Kesho tena. Plau inakuja yenyewe baadaye.

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema kiangazi kizima. Akaniona nimetoa daftari.

"Mbona unaandika, dokta?"

"Naandika dawa."

"Mimi si ng'ombe."

"Najua. Lakini dawa zako za ng'ombe zimezidi zangu za watu."

"Hilo ni kweli," akasema Mama Nafula.

Basi dawa ikawa hiyo. Siku tano za dawa ya usingizi, na hazikuzidi. Asubuhi, alipotaka sana kubaki kitandani, Mama Nafula upande mmoja na Kimutai upande mwingine walimsimamisha, akanawa, akavaa. Kisha yeye na Kimutai wakapeleka ng'ombe mtoni, bila plau, bila haraka. Kimutai alikuwa mwenzake wa nira hasa: miaka tisa amekuwa mbele na Wanjala nyuma. Na Kimutai alikuwa msemaji. Alisimulia njia nzima ya kwenda na njia nzima ya kurudi, habari za kila nyumba, na hakutaka jibu. Katika dawa zote nilizowahi kutumia, hiyo ndiyo pekee iliyokuwa na umbea.

Lakini kilitakiwa kikaratasi. Sikuweza kumgongea PUMZIKA, nilikwisha kuona PUMZIKA ilivyomfanya. Sikuweza kumgongea KAZI, nyapara angemtia kwenye plau kesho yake. Nilikaa na ile mihuri miwili mpaka wino ukakauka. Kisha nikafanya jambo ambalo Dokta Rula hakuwahi kulifanya maishani: nikagonga yote miwili kwenye karatasi moja, mmoja juu ya mwingine.

Kabla ya saa nne Bwana Kofia alikuwa mlangoni na karatasi mkononi.

"Hii nini? Wewe nakunywa?"

"Hapana, Bwana."

"Yeye nafanya kazi ama yeye nalala?"

"Bwana, ile ng'ombe yako ya kidonda ya shingo. Bwana nafunga yeye kwa plau?"

"Hapana. Wewe jinga? Nakufa."

"Bwana nawacha yeye lala tu?"

"Hapana. Natembea na gari tupu. Polepole."

"Hii mtu, Bwana, kidonda yake iko ndani."

Bwana Kofia alikuwa mkali kwa watu, lakini ng'ombe aliwapenda kwa kweli, na sehemu hiyo ya moyo wake ndiyo pekee niliyokuwa na ufunguo wake. Alikunja karatasi.

"Siku ngapi?"

Nilitamani sana kumpa hesabu. Nilikuwa mtu wa hesabu. "Sijui, Bwana," nikasema, na ardhi haikupasuka.

"Mvua ya kwanza Kimutai nashika plau na mtu ingine. Plau ya pili mimi naangalia. Yeye hapana weza, nakwenda."

Kwa hivyo tulipata wiki kadhaa, na mimi karibu niziharibu. Nilimfuata Wanjala na daftari. Asubuhi nilimwuliza leo furaha yako ni ngapi kwenye kumi; mchana nikamwuliza tena kama imepanda. Siku ya nne Mama Nafula alinisimamisha njiani.

"Wewe dokta, ukimwuliza tena hiyo namba, mimi nitakupima wewe, na si kwa kumi."

Nikaacha namba. Nikajifunza kutazama vitu vidogo. Siku moja alikula matonge manne badala ya mawili. Siku nyingine akasema mboga haina chumvi. Mama Nafula alikuja kunieleza hilo akitembea haraka, kanga imeteleza, kama mtu anayeleta habari ya mtoto aliyezaliwa: "Amelalamika." Wagonjwa wa namna hii hawalalamiki chumvi, hawaionji. Tulifurahi mno siku hiyo, mimi na yeye, tumesimama katikati ya shamba la viazi tukicheka bila sababu ambayo mtu mwingine angeielewa.

Wiki iliyofuata alirudi kitandani siku mbili. Nilipagawa. Nilichora chati mpya. Nilitaka kumrudishia dawa ya usingizi, kumwongezea ya damu, kumpeleka Nairobi, yote kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimeshika kofia ya kuondoka nilipomkumbuka Mzee Zakayo na shati lake la bwana harusi. Nikauliza kwanza: anakunywa maji? Anakunywa. Ile fikira imerudi? Imepita mlangoni, akasema, haikuingia. Basi tukatulia na dawa ile ile. Siku ya tatu Kimutai alimwinua na habari mpya za mzee wa kanisa na mjane wa Turbo, wakaenda mtoni.

Plau ya pili, yaani ule mzunguko wa pili wa kulima, ilianza asubuhi yenye umande. Bwana Kofia alikuja kama alivyosema, akasimama ukingoni, na mimi nikasimama mbali, nyuma ya mwati mmoja, nikiosha mikono bila maji. Wanjala alishika mjeledi. Hakuwa Wanjala wa zamani. Aliwaita ng'ombe kwa sauti ya kawaida, na kwenye kona ya kwanza akapumzika, akiegemea plau. Alilima mpaka jua lilipokuwa kali, kisha akampa mwingine mjeledi, akakaa chini, Kimutai akampelekea maji. Nilimtazama Bwana Kofia na nikaona ndani ya kichwa changu kuku wa Mama Nafula wakipakiwa.

Bwana Kofia alitembea mpaka kwa Wanjala, akasimama juu yake.

"Nusu," akasema.

"Nusu, Bwana," akasema Wanjala.

"Kesho?"

Wanjala alifikiri. "Labda nusu na kidogo."

Bwana Kofia akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kutazama kwato za ng'ombe wa mbele. Hakusema lingine siku ile wala iliyofuata. Mama Nafula alipalilia mahindi yake msimu ule, akayavuna, akapanda mengine, na kufikia palizi Wanjala alikuwa analima siku nzima na kugombana na Kimutai kuhusu nani anaharibu mstari.

Sitawadanganya kwamba ulikuwa mwisho wa ugonjwa. Baada ya miaka miwili, asubuhi ya baridi, nilifungua mlango nikamkuta Wanjala kwenye mstari wa wagonjwa, nyuma ya mtu mwenye kidole kilichovimba. Hakuna aliyemshika mkono wa shati. Zamu yake ilipofika aliingia, akafunga mlango.

"Dokta, ile kitu imerudi. Wiki moja sasa. Naamka kabla ya jogoo." Akakaa. "Nimeshamwambia Kimutai. Sasa nimekuja kwako."

Vijana wangu, nimepata vyeti kadhaa baada ya pale, na nimefanya kazi mahali penye sakafu ya simenti na taa, lakini sijawahi kusikia jambo lililonifurahisha kama hilo. Tulianza mapema, naye akainuka mapema.

Sasa mambo yamebadilika. Wakati ule mgonjwa wa huzuni alipata chupa iliyokuwepo, muhuri uliokuwepo, au safari ya Nairobi. Leo viko vidonge vinavyotibu ugonjwa huu, vinavyohitaji wiki kadhaa kabla havijaonyesha kazi na visivyoachwa ghafla. Wako watu waliosomea kuzungumza na mgonjwa. Na mtu wa Chepsaita anatibiwa hapa hapa Eldoret, jioni akarudi kwake. Tiba ikimkataa, anabadilishiwa nyingine bila kuitwa mvivu wala mwenye dhambi. Na mgonjwa mwenyewe anaulizwa.